Jibu: Kulala hoteli ya mjini wakati nyumbani ni karibu

Salaam ndugu yangu. Unaishi Chikongola hapa Mtwara mjini, unataka kumpeleka shemeji hotelini Shangani Ijumaa hadi Jumapili, ila unaogopa ni kutupa hela maana nyumbani ni mwendo wa bodaboda tu. Mimi na mke wangu tumefanya hivyo mara mbili.

Kabla ya bei, uliza kama ukumbi wao una harusi Jumamosi. Sisi mara ya kwanza hatukuuliza, muziki ukapigwa mpaka karibu na alfajiri. Kisha uliza kama chai ya asubuhi ni ya watu wawili. Ukienda kuanzia Oktoba weka nafasi mapema, wanunuzi wa korosho hujaza vyumba.

Kosa letu kubwa lakini lilikuwa kurudi nyumbani Jumamosi "kuangalia bomba" mara moja. Nikashika spana mpaka alasiri, mwenzangu yuko peke yake chumbani. Iliniuma sana. Watoto wapeleke kwa bibi yao, funguo mwachie jirani, usirudi.

Kuogelea Shangani subirini maji yajae, yakitoka mnabaki na miamba.

Mara ya pili tulikwenda Mikindani, kama kilomita 10 tu, tukatembea taratibu kwenye vichochoro vya nyumba za mawe hadi boma la Wajerumani. Kwa siku mbili ningechagua huko. Kile kibarabara cha kandokando ya maji jioni, mama watoto bado anakitaja.