Kwacha Mbili, Daftari Moja

Mimi ni mwalimu mstaafu, mke wangu alikuwa muuguzi. Mwezi wa tano tunatoka Dodoma kwa basi, tupitie Tunduma, tuzunguke Zambia, Malawi, Botswana, Namibia na Afrika Kusini kwa miezi sita. Tutalala gesti za kawaida na kujipikia panapowezekana. Tunataka kila mwisho wa mwezi tujue tumetumia kiasi gani. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kikuyu, Dodoma)

Shikamoo mzee. Anzeni na daftari la mfukoni, si simu. Simu huishiwa chaji njiani, na muuza nyanya hakusubirini mfungue programu. Chora safu sita: tarehe, kitu, kiasi, fedha gani, aliyelipa, fungu. Mafungu saba yanatosha: malazi, chakula, usafiri, mpakani na viza, vocha na bando, matembezi, afya. Mkiweka ishirini, baada ya wiki mbili kila kitu kitaangukia "mengineyo". Mstari mmoja uonekane hivi:

14/6 – kapenta (dagaa) na nyanya, sokoni – 85 – ZMW – mama – chakula

Safu ya "fedha gani" ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoharibu hesabu. Zambia na Malawi zote zinatumia kwacha, lakini kwacha moja ya Zambia inabeba makumi ya kwacha za Malawi. Ukiandika "kwacha 4,000" tu, mwisho wa mwezi hamtajua kama ni chai na maandazi au ni gesti ya wiki nzima. Tumieni alama za benki: ZMW ya Zambia, MWK ya Malawi. Kadhalika Namibia, usiandike "dola", andika NAD. Dola hiyo iko sawa kwa sawa na randi, na randi hupokelewa Namibia, ila dukani Afrika Kusini dola ya Namibia haina kazi. Imalizeni kabla ya kuvuka. Mkibaki nayo mkaibadilisha kwa bei mbaya, kilichopotea kiandikwe "hasara ya chenji" chini ya fungu la mpakani na viza.

Kugeuza kuwa shilingi kufanyike mara moja kwa wiki, mahali mnapolala, kwenye shiti ya Excel au ukurasa wa nyuma wa daftari. Msitumie kiwango cha mtandaoni. Tumieni kile mlichokilipa ninyi. Tuseme mashine ya ATM Lusaka imewapa kwacha 2,000, na meseji za benki yenu zinaonyesha zimekatwa shilingi 208,000, kisha makato 10,000. Jumla ni 218,000. Gawanya kwa 2,000: kila kwacha imewagharimu shilingi 109. Fedha yote ya mkupuo huo ihesabiwe kwa 109 hadi iishe, kisha mnaanza na kiwango cha mkupuo mpya. Kwa njia hii makato ya benki yanakaa ndani ya bei ya nyanya, hayajifichi pembeni. Mkibadilisha fedha mpakani Tunduma pia, pigeni hesabu kwa kikokotoo chenu (si kile cha pensheni, mzee), maana cha mwenye chenji kinaweza kuwa kimechezewa.

Kosa moja tunaliona kila mara: kuandika fedha iliyotolewa ATM kama matumizi, halafu kuandika tena vitu vilivyonunuliwa kwa fedha hiyohiyo. Mwezi unaonekana umekula mara mbili. Kutoa fedha ni kuihamisha tu kutoka benki kwenda kwenye pochi. Vivyo hivyo dhamana ya chumba: si matumizi mpaka mwenye nyumba akatae kuirudisha.

Jumapili jioni hesabuni pochi. Mlianza wiki na 1,340, mkatoa 2,000, daftari linasema mmetumia 2,615. Zinapaswa kubaki 725. Mkikuta 690, kwacha 35 ziandikwe "hazikumbukwi" na mlale. Zikizidi mbili katika kila mia ya matumizi ya wiki, kaeni chini mkumbushane. Mara nyingi ni nauli za daladala za huko.

Juni tulitumia shilingi 2,460,000, Julai 2,200,000. Mume wangu anasema tumeanza kubana matumizi. Mimi sioni tulichobana. (Msomaji wa Kondoa, yuko safarini)

Dada, umeona vizuri. Kwenye jedwali ulilotutumia, Juni mlikaa Zambia usiku 18 kwa jumla ya 1,620,000, yaani 90,000 kwa usiku, na Malawi usiku 12 kwa 840,000, yaani 70,000. Julai, ukiacha usiku mmoja wa nyumbani, mlikuwa Zambia usiku 5 na Malawi 25. Zidisha kwa bei zilezile: 450,000 na 1,750,000. Jumla ni 2,200,000 kamili. Hamjabana hata senti, mmebadilisha nchi tu. Ndiyo maana jumla ya mwezi peke yake haisemi kitu. Igaweni kwa usiku, nchi kwa nchi. Nauli ya basi la kuvuka mpaka ipewe mstari wake, "njiani", isibebeshwe nchi yoyote.

Mmoja akirudi nyumbani kwa msiba siku sita, msigawe kwa 30. Watu wawili kwa siku 30 ni siku 60 za mtu. Toa sita, gawa kwa 54.

Na bajeti ya mbele iwekeni kwa shilingi au dola ya Marekani, si kwa fedha ya nchi mnayokwenda. Novemba 2023 Malawi ilishusha kwacha yake kwa tangazo moja: dola iliyokuwa kama kwacha 1,180 ikawa 1,700. Bajeti iliyoandikwa kwa kwacha ilipoteza maana siku hiyo.

Bima na viza tulilipa kabla ya kuondoka. Ziingie mwezi gani? (Msomaji, Singida)

Miezi yote. Bima ya wawili ya 720,000 kwa siku 180 ni 4,000 kwa siku, iongezwe kila siku. Viza igawanywe kwa siku za nchi husika tu.

Mke wangu ananiuliza kila soda. Nimechoka kuandika. (Msomaji, Kongwa)

Jipeni kila mmoja posho sawa ya wiki, iandikwe mstari mmoja, "posho", na isiulizwe. Soda, saluni na mpira vinaishia humo. Ikiisha Alhamisi, imeisha.

Michango ya harusi inatufuata huku kwa simu. Je, ni gharama ya safari? (Msomaji, Nkuhungu)

Hapana. Fungueni ukurasa wa "Nyumbani": michango, kikoba, kodi ya nyumba, LUKU, posho ya kijana anayeangalia shamba la zabibu. Fedha inatoka mfuko uleule, kwa hiyo ihesabiwe mnapopima akiba itafika lini, lakini isiingie kwenye wastani wa usiku. Kodi ya miezi sita mliyolipa kwa mkupuo igaweni kwa sita. Na laini ya Tanzania ibaki hai, maana namba za siri za benki zinakuja huko. Vocha yake nayo iandikwe Nyumbani.