Kabla hujapanda mti, anza na sufuria ya maharage

Mtu akiniuliza afanye nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mi naanzia jikoni. Maharage kwetu yalikuwa yanakaa jikoni masaa matatu. Naongelea jiko la mkaa, lile la bati la kawaida, unaliwasha saa nane mchana ili watoto wakirudi shule wakute mboga imeiva, unaongeza mkaa mara ya kwanza, unaongeza mara ya pili, unapepea mpaka mkono unachoka na bado ukibonyeza harage moja na kijiko unakuta katikati gumu. Tuko watu sita nyumbani na maharage ni mara tatu kwa wiki. Huo mkaa unatoka wapi sikuwahi kukaa nikawaza, ninachojua bodaboda analeta gunia mpaka getini, nalipa elfu themanini na tano, basi.

Sasa mwaka 2024 mwezi wa nne mnakumbuka zile mvua. Sisi tuko Tabata, sio bondeni kabisa lakini maji yalifika barazani na majirani zetu wa chini karibu na mto walihama usiku wakiwa wamebeba magodoro kichwani, dada mmoja alikuja kwetu na watoto wawili na begi la madaftari tu, vingine vyote vimeenda. Mwezi ule ule Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 wameshafariki nchi nzima kwa mafuriko na maporomoko. Na kabla hatujapumua, mwanzoni mwa mwezi wa tano kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia. Ndo nikaanza kusoma kwa nini mvua siku hizi zinakuja hivi, na kitu kilichonikaa kichwani ni kimoja: hewa ikiongezeka joto digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo yale mawingu yanakuja yamebeba mzigo kuliko zamani na yakiutua yanautua wote kwa pamoja. Mwaka ule kulikuwa na El Nino pia, ni kweli, lakini El Nino inakuja juu ya dunia ambayo tayari ina joto.

Mwezi wa saba mwaka huo huo tukaenda Kisarawe kumwona shangazi. Nilipokuwa mdogo likizo zote nilikuwa naenda kwake, nyuma ya shamba lake kulikuwa na msitu ambao sisi watoto tulikuwa tunakatazwa kuingia peke yetu maana ni mnene. Safari hii nimesimama nyuma ya nyumba naona mpaka barabara kule ng'ambo. Nikamuuliza, shangazi, ile miti yote iko wapi? Akanijibu taratibu tu, "Si mmeila wenyewe huko mjini mwanangu." Hakuwa na hasira. Ila lile neno lilinichoma mpaka leo.

Kesho yake akanipeleka kwa kijana anayechoma mkaa pale jirani. Nataka niwaeleze nilichoona maana nadhani kila mtu wa Dar anayepika na mkaa angeona angalau mara moja. Magogo yamepangwa kama kitanda kikubwa, marefu kuliko daladala, juu yamefunikwa majani halafu udongo, pembeni kuna vitundu vya kutolea moshi. Kijana analala pale pale karibu siku kumi maana udongo ukipasuka usiku hewa ikaingia basi vyote vinageuka majivu. Macho yake mekundu. Lile tanuri lote, magogo yote yale, yalitoa gunia tisa. Tisa! Baadaye nikasoma kwamba haya matanuri ya udongo ya kienyeji kilo moja ya mkaa inakula kilo kuanzia tano mpaka kumi za kuni, zingine zote zimepotea kama moshi na joto. Na yule kijana simlaumu hata kidogo, ana mke na watoto na mteja wake ni mimi.

Kwa hiyo mimi ushauri wangu kwa anayeniuliza nifanyeje kuhusu tabianchi ni tofauti kidogo na wanavyosema wengi. Kila mahali utaskia panda mti, panda mti. Sawa, panda. Ila mche unaopanda leo utachukua miaka ishirini kufika pale ulipokuwa ule uliokatwa jana kwa ajili ya maharage yako. Mi naona anza na kile unachokichoma kila siku, na kwa familia nyingi za kwetu hicho ni kitu cha jikoni.

Nilichofanya mimi nilinunua presha kuka ya umeme. Kariakoo, lita sita, nililipa laki na sitini, niliiweka pembeni kidogo kidogo kwa miezi miwili kwa kupunguza vitu vingine. Mume wangu alikataa kabisa mwanzoni, "Mama watoto, umeme utatumaliza." Na mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo kwa kweli maana wote tumekua tukiamini jiko la umeme ni la matajiri. Basi tukafanya hivi: nikaloweka nusu kilo ya maharage usiku, asubuhi tukazima kila kitu ndani, friji, tivii, kila kitu, mume wangu akasoma mita ya LUKU akaandika namba kwenye karatasi, nikapika. Maharage yameiva, yamekuwa laini yale ya kupondeka. Akaenda kusoma mita tena. Haikufika nusu uniti. Kwa bei ya kawaida uniti ni kama shilingi 350 na kitu, kwa hiyo tumepika maharage kwa pesa isiyofika mia mbili, wakati mkaa wa maharage yale yale ulikuwa unakula elfu na mia tano mpaka elfu mbili. Ile karatasi bado iko kwenye friji.

Kwa nini inakula kidogo hivyo? Kwa sababu chungu kimefunikwa kabisa, kina ukuta unaozuia joto lisitoke, na kikishafika presha yake kinajikata chenyewe, kinawaka kidogo tu kurudishia joto lililopungua. Hotplate ya kawaida haiko hivyo, ile inawaka muda wote na joto linaenda hewani, ndo maana waliojaribu hotplate wakaona bili wanasema umeme ghali. Usizichanganye hizi mbili.

Sasa makosa yangu ili nyie msirudie. Wiki ya kwanza niliichomeka kwenye ekstensheni moja na friji, ile ekstensheni ya bei rahisi, siku ya tatu naskia harufu, kugusa plagi imeyeyuka. Tungeweza kuunguza nyumba. Presha kuka ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake. Pili usijaze kupita ule mstari wa juu, maharage yanatoa povu linaziba kile kitundu cha mvuke. Tatu ule mpira wa kwenye mfuniko uoshe kila mara ukauke, na ukinunua uliza kabisa kama mpira wa akiba unapatikana dukani kwao maana ukichakaa bila wa kubadilisha umebaki na sufuria tu.

Makande, kongoro, maharage, mbaazi, nyama ya ng'ombe ngumu, vyote hivi saivi ni umeme. Chapati na kukaanga samaki natumia gesi. Najua mtu atasema gesi ya mtungi nayo inatoka kwenye mafuta ya ardhini, ni kweli kabisa, na mi siiiti suluhisho la mwisho. Lakini kati ya gesi na mkaa wa msitu usiopandwa tena, na kati ya gesi na ule moshi niliokuwa nauvuta mimi na binti yangu jikoni kila siku, mi nachagua gesi huku naipunguza. Umeme wenyewe sehemu yake inatokana na gesi ya Songosongo na Mtwara, ila sasa hivi tuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, yaani maji yanazungusha mitambo. Na hayo maji yanahitaji misitu huko juu yanakotoka. Tukimaliza miti tumemaliza na umeme.

Ukiwa huna hiyo laki na sitini, au mnapanga chumba na mita ni ya pamoja na mwenye nyumba hataki kuskia habari za jiko la umeme, kuna kitu bibi zetu wengine walikuwa wanakifanya na hakina gharama. Chukua kapu kubwa au boksi, jaza nguo kuukuu, mablanketi, acha shimo katikati la kukaa sufuria. Maharage uliyoloweka yachemshe jikoni vizuri kabisa kama dakika ishirini, usikate hapo maana maharage hasa yale mekundu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo, halafu toa sufuria na mfuniko wake ifukie kwenye kapu, funika na mto juu. Masaa matatu manne yanaendelea kuiva yenyewe. Yakitoka yapashe moto mpaka yachemke tena ndo muyale. Wali ndo mzuri zaidi humo, ukichemka tu dakika chache unaufukia, hauungui chini hata siku moja. Dada anayenisaidia nyumbani ndo ameupeleka huu ufundi kwao Singida na mama yake kaniambia kwa simu mzigo wa kuni wa siku mbili sasa unaenda siku nne. Jiko banifu nalo linasaidia kama lazima utumie mkaa, linakula kidogo kuliko lile la bati.

Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi wa tano 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo zuri sana na naliunga mkono, ila jamani kwangu mimi miaka kumi ni magunia mia moja na ishirini ya mkaa. Siwezi kusubiri.

Kitu cha pili ni maganda. Hiki wengi hawakijui. Maganda ya ndizi, viazi, viporo vya ugali, tukivifunga kwenye mfuko na kuvitupa vinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, vinakandamizwa chini huko bila hewa, na vikioza bila hewa vinatoa methane. Hiyo gesi kwa miaka 20 ya kwanza inashika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule. Kwa hiyo lile ganda la ndizi likioza kwenye ndoo yako yenye hewa halina tabu, likioza chini ya lundo la Pugu ni habari nyingine. Nina ndoo mbili kubwa za rangi, nimetoboa matundu pembeni na chini. Mara ya kwanza zilinuka, funza wakajaa, mume wangu akataka kuzitupa. Kosa lilikuwa naweka vibichi vitupu. Kila ukiweka maganda weka na majani makavu au maranda ya fundi seremala mara mbili yake, na nyama na mafuta usiweke. Miezi mitatu unapata mboji nyeusi inanukia kama udongo baada ya mvua. Nina viroba kumi na mbili vya mchicha na matembele ukutani, mboga ya majani sijanunua tangu mwaka jana mwezi wa kumi.

Miti pia nimepanda, mitano, imebaki miwili, mwarobaini na mwembe, upande wa magharibi ambako jua la jioni lilikuwa linapiga dirisha la watoto. Ile mitatu ilikufa kiangazi kwa sababu nilisafiri na hakuna aliyemwagilia. Sasa natumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, natoboa kifuniko kitundu kidogo sana, naichomeka kichwa chini kwenye shina, inadondosha taratibu. Miwili inayoishi ni bora kuliko hamsini ya kupigia picha.

Kuna ndugu yangu aliniambia, "Sasa dada, Afrika nzima tunachangia chini ya asilimia tano ya hiyo hewa chafu, Marekani na China wanachoma, wewe unahangaika na maharage." Anasema kweli kuhusu hesabu, na nchi kubwa zinatakiwa kulipa na kupunguza, hilo lazima tulidai kwa sauti. Lakini msitu wa Kisarawe hakuukata Mmarekani. Na maji yalipoingia barazani kwangu hayakuuliza nani amechangia asilimia ngapi. Tena katika yote haya hakuna nililofanya ambalo limenifanya maskini zaidi, mkaa nilikuwa natumia gunia moja kila mwezi, saivi gunia moja linakaa mpaka mwezi wa tano tangu nilinunue, nalitumia siku umeme umekatika na gesi imeisha na wageni wamekuja kwa pamoja.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi kapu la joto, nimelishona mwenyewe kwa khanga na pamba ya godoro la zamani. Akafurahi, tukapika kunde. Jioni akanishika mkono akanipeleka kule nyuma kwenye visiki. Vimechipua. Kila kisiki kilikuwa na vichipukizi kumi na kitu, amekata vidogo akabakiza vitatu vilivyonyooka, na kila kilichobaki amekifunga kipande cha khanga chekundu ili mtu yeyote anayepita na panga ajue hiki kina mwenyewe. Wanafanya hivi Dodoma, aliskia redioni, wanaita kisiki hai. Vingine vimenifika kiunoni tayari. Yule kijana wa mkaa ndo aliyemsaidia kuchagua vipi vibaki maana yeye anaijua miti kwa majina kuliko sisi wote, na nilimkuta pale na panga lake anapunguzia matawi ya chini, akaniuliza lile kapu linauzwa bei gani.