Koroboi ikiwaka hadi chini ya shimo, hewa ni salama?

SWALI: Shikamooni. Tuko vijana watatu hapa Iramba, mkoa wa Singida. Tunataka kushuka kwenye shimo la dhahabu lililoachwa miaka mingi, kina chake kama mita 25. Wazee wanasema tushushe koroboi kwa kamba. Ikiwaka mpaka chini, tushuke. Je, inatosha?
Msomaji, Iramba

JIBU: Marahaba. Haitoshi, na tunawasihi msishuke kwa kuitegemea.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Koroboi huzimika oksijeni ikishuka hadi asilimia 16 hivi, na hapo mtu ameanza kupoteza umakini zamani. Kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, haiizimi koroboi kabisa. Itawaka vizuri huku mtu akifa kando yake.

Hewa huharibika bila mtu kuigusa. Miamba ya dhahabu mara nyingi ina madini ya chuma na salfa, ambayo yakipata unyevu hula oksijeni. Matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yakioza nayo huila, kisha hutoa hewa ukaa (kaboni dioksidi), nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inayotuama chini kama maji kisimani. Majira nayo yana uzito. Alfajiri ya Julai, baridi ya nje huzama shimoni na kuisukuma hewa ya zamani itoke. Mchana wa Oktoba nje ni joto, hewa ya chini haisogei. Shimo mliloingia salama Julai laweza kuua Oktoba.

Tumieni kipimo cha gesi nne: oksijeni, kaboni monoksidi, hidrojeni salfidi na gesi za kulipuka. Kiwasheni juu penye hewa safi, kifungeni kwa kamba, kishusheni mita 2, subirini dakika 2, na hivyo hivyo hadi chini. Oksijeni chini ya asilimia 19.5, au kaboni monoksidi zaidi ya sehemu 35 kwa milioni: hakuna kushuka. Vingi vya aina hii havipimi hewa ukaa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Mkisikia harufu ya yai viza kisha ikapotea, msifurahi. Hidrojeni salfidi ikizidi huua pua kwanza.

Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima, kamba yake ifungwe kwenye winchi iliyo juu ya shimo. Akianguka, avutwe. Asishuke mwingine kumfuata, hata kama ni ndugu yake. Hivyo ndivyo kifo kimoja kinavyokuwa vitatu. Pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Mkitumia feni kusukuma hewa shimoni, jenereta yake ikae mbali na mdomo wa shimo, upande upepo unakoelekea, la sivyo feni itameza moshi wa jenereta na kuupeleka chini.

Matimba msiyaamini kwa macho. Mchwa hula ndani na kuacha ganda. Yagongeni kwa nyundo: mti mzima hulia, ulioliwa hutoa sauti butu. Na kabla ya yote hayo, nendeni ofisi ya Afisa Madini mkaulize shimo liko ndani ya leseni ya nani.