Nusu-uhai haukuambii dawa itafanya kazi kwa muda gani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma udaktari, mwaka wa pili. Nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa famakolojia, yaani elimu ya dawa, nilikariri jedwali refu la nusu-uhai wa dawa, lakini nilikosa maswali mawili niliyodhani nimeyamudu. La kwanza lilihusu mgonjwa wa degedege aliyetulizwa kwa diazepamu ya mshipani, kisha degedege likarudi baada ya nusu saa. Nilijibu kwamba dawa bado inafanya kazi kwa kuwa nusu-uhai wake unazidi saa 20, hivyo lazima pawe na kisababishi kingine. La pili liliuliza kwa nini aspirini ya kuzuia damu kuganda humezwa mara moja tu kwa siku, ilhali nusu-uhai wake haufiki hata nusu saa. Hilo sikuwa na jibu lake. Je, jedwali langu lina makosa? Lipo jedwali bora unaloweza kunipendekezea?

JIBU: Marahaba. Jedwali lako halina kosa. Nusu-uhai wa diazepamu ni kati ya saa 20 na 50, na ule wa aspirini ni kama dakika 15 hadi 20. Kosa limo katika kazi uliyozipa namba hizo: umeuchukua nusu-uhai kuwa ndio muda ambao dawa hufanya kazi. Dhana hiyo nakutana nayo kila muhula, kwa wanafunzi hodari na hata kwa madaktari waliokwisha kuhitimu, na ndiyo inayonisikitisha kuliko zote kwa sababu mwenye nayo hajui kwamba anayo. Namba anayoitaja ni sahihi, hivyo hana sababu ya kujitilia shaka.

Nusu-uhai ni muda ambao mkolezo wa dawa, yaani kiasi chake kwa kila lita, katika plazima (sehemu ya majimaji ya damu) hupungua kwa nusu. Hauzungumzii kabisa kinachotendeka pale dawa inapofanyia kazi yake. Aspirini ikishafika kwenye chembe sahani za damu hujifunga kwenye kimeng'enya cha saiklo-oksijenesi, ambacho huzisaidia kugandisha damu, na kifungo hicho hakifunguki tena. Chembe sahani haina kiini cha kuiwezesha kutengeneza kimeng'enya kingine, kwa hiyo hubaki imelemaa hadi mwisho wa maisha yake, yaani siku 7 hadi 10. Aspirini yenyewe inaweza kuwa imetoweka katika damu kabla mgonjwa hajamaliza kifungua kinywa, lakini kazi yake imebaki. Kila siku uboho hutoa chembe mpya, takriban moja ya kumi ya zote, na dozi ya kesho inawangojea hao wageni tu. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nayo ina nusu-uhai wa saa moja hivi na humezwa mara moja kwa siku kwa sababu ya aina hiyohiyo: huifunga pampu ya asidi tumboni moja kwa moja, na asidi hairudi mpaka seli zitengeneze pampu nyingine.

Diazepamu inakufundisha upande wa pili. Ni dawa inayoyeyuka sana katika mafuta, na ubongo hupata damu nyingi, kwa hiyo ikidungwa mshipani huingia ubongoni upesi na degedege hukoma. Baada ya hapo haikai. Misuli na mafuta ya mwili, ambayo hupata damu kidogo lakini yana nafasi kubwa, huanza kuivuta, na mkolezo wa ubongoni hushuka huku ini likiwa bado halijaondoa karibu chochote. Degedege hurudi wakati dozi karibu yote ingali mwilini, isipokuwa imehama. Thiopentali, dawa ya usingizi ya kudungwa mshipani, hufanya vivyo hivyo: mgonjwa aliyepewa dozi moja huzinduka baada ya dakika 5 hadi 10, ilhali mwili huchukua saa nyingi kuiondoa dawa yenyewe. Tafadhali usiishie hapo, kwa kuwa nusu ya pili ya jambo hili ndiyo inayoua. Daktari aliyeona degedege likirudi akahitimisha kwamba dawa imekwisha, naye akarudia dozi mara kwa mara, huyajaza misuli na mafuta mpaka pasiwe na pa kuhamia. Hapo dawa hubaki katika damu na ubongo, zile saa 20 hadi 50 za jedwali lako zikaanza kuonekana, na mgonjwa akazama katika usingizi mzito huku pumzi ikififia.

Sasa nikueleze kwa nini nawasihi wanafunzi wasianze na nusu-uhai. Namba hiyo ni tokeo la mambo mawili yaliyo nyuma yake. La kwanza ni usafishaji, yaani kiasi cha plazima ambacho mwili hukitakasa dawa kwa kila saa, kazi inayofanywa hasa na figo na ini. La pili ni ujazo wa mtawanyiko, unaopima dawa imesambaa kwa upana gani nje ya damu. Nusu-uhai ni 0.693 mara ujazo, gawanya kwa usafishaji. Ukubwa wa dozi ya kuanzia hutokana na ujazo. Ukubwa wa dozi ya kila siku hutokana na usafishaji. Nusu-uhai hukuambia tu itachukua muda gani hadi mkolezo uache kupanda. Mwanafunzi anayejua mambo haya matatu na dawa kumi atamsaidia mgonjwa kuliko anayejua dawa mia tatu bila kuyajua.

Chukua digoksini, dawa ya moyo ambayo pengo kati ya tiba na sumu yake ni jembamba. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, ujazo wake ni kama lita 500 na nusu-uhai ni kama saa 40, hivyo usafishaji unakuwa takriban lita 8.7 kwa saa, au lita 208 kwa siku. Mpe mikrogramu 250 kwa mdomo kila siku, huku asilimia 70 ikiingia katika damu, yaani mikrogramu 175. Gawanya 175 kwa 208, upate mkolezo wa wastani wa mikrogramu 0.84 kwa lita, ambao ni mzuri. Baada ya nusu-uhai mmoja mgonjwa atakuwa amefika nusu ya hapo, baada ya miwili asilimia 75, baada ya mitatu 87.5, baada ya minne karibu 94. Wengi huniambia kwamba dozi ikiongezwa mara mbili mgonjwa atafika upesi. Hafiki upesi. Anakwenda mahali pengine, 1.68, na kwa muda uleule wa siku saba hivi, ile 0.84 ameipita njiani na hakusimama.

Halafu figo za mgonjwa huyohuyo zidhoofike, usafishaji ushuke hadi theluthi moja. Tuache kwa sasa kwamba ujazo nao hupungua kiasi. Lita 208 kwa siku zimekuwa kama 70, na dozi ileile ya mikrogramu 250 sasa inaelekea mkolezo wa 2.5, ambao ni sumu. Lakini nusu-uhai nao umekuwa saa 120. Ukimwanzishia dawa akiwa na figo hizo, bila dozi kubwa ya kuanzia, mwisho wa wiki ya kwanza mkolezo utakuwa kama 1.6 na mgonjwa hana malalamiko. Daktari ataandika kwamba anaendelea vizuri. Wiki ya tatu mkolezo unakaribia 2.4, mgonjwa anatapika, anaona vitu vina rangi ya manjano, na mapigo ya moyo yamevurugika. Dozi haikubadilika hata siku moja. Aliyekariri saa 40 atatafuta chanzo kila mahali isipokuwa katika karatasi ya dawa aliyoiandika mwenyewe, kwa sababu kwake saa 40 ni sifa ya digoksini, kama rangi ya kidonge, wakati kwa kweli ni sifa ya digoksini ndani ya mtu fulani mwenye figo fulani.

Ndiyo sababu sitakupendekezea jedwali lingine, mwanangu, na ndiyo sababu sina uvumilivu kwa wale wanaowauzia wanafunzi famakolojia ya siku tatu: vijitabu vya muhtasari, vifungu vya kukariri vyenye herufi za kwanza za majina, na masomo ya video yanayoahidi dawa zote kwa usiku mmoja. Hawafundishi uongo, na hilo ndilo linalowafanya wawe hatari zaidi. Huchukua namba sahihi, huikata kutoka kwenye mzizi wake, kisha humkabidhi mwanafunzi akiwa na furaha ya kujua. Mtihani wa kuchagua herufi humlipa vizuri kwa maarifa hayo, na lawama hapo ni yetu walimu tunaoutunga. Mgonjwa hamlipi.

Matokeo yake huonekana kwa miaka mingi baada ya mtihani, na mara nyingi ni ya kimyakimya kiasi kwamba hakuna anayeyahesabu kuwa kosa. Mgonjwa wa tezi ya thairoidi iliyopungukiwa huanzishiwa levothairoksini, homoni ya tezi hiyo katika kidonge, ambayo nusu-uhai wake ni siku 7 hivi. Anarudi siku ya kumi akisema bado amechoka, na dozi inaongezwa. Siku ya kumi dawa haijafika hata theluthi mbili ya kiwango chake, na ndiyo maana kipimo cha damu husubiriwa wiki 6 hadi 8. Hapa nusu-uhai ulikuwa na la kusema, lakini hakuna aliyeuuliza, kwa sababu alifundishwa kwamba kazi yake ni kupanga saa za kumeza vidonge.

Na zipo dawa ambazo kwazo namba moja ya nusu-uhai haipo kabisa. Fenitoini ya kifafa huondolewa na vimeng'enya vya ini ambavyo hukaribia kulemewa katika viwango vilevile vya tiba, hivyo kadiri mkolezo unavyopanda ndivyo uondoaji unavyozidi kubaki nyuma. Mchukue mgonjwa ambaye ini lake linaweza kuondoa miligramu 490 kwa siku kwa upeo, na ambaye uondoaji hufika nusu ya upeo huo mkolezo unapokuwa miligramu 5 kwa lita. Hizi ni namba za kawaida kwa mtu mzima. Kwa miligramu 300 kwa siku atatulia kwenye mkolezo wa karibu 8, chini kidogo ya kiwango cha tiba ambacho ni 10 hadi 20, na pengine kifafa bado kinamjia. Mwenye jedwali atasema: dozi na mkolezo hupanda pamoja, tuongeze theluthi moja, tumpe 400. Mkolezo hautapanda kwa theluthi moja. Utafika 22, karibu mara tatu, na hautafika kesho wala keshokutwa bali polepole, kwa wiki kadhaa, mpaka siku familia itakapomleta akiyumba kama aliyelewa, macho yakimchezacheza anapotazama pembeni. Kwa 350 angetulia kwenye 12.5. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa mkono, dozi baada ya dozi, kuanzia 250 hadi 450, uchore mchirizi wake kwenye karatasi ya grafu kabla hujakariri jina la dawa nyingine yoyote ya kifafa.