Siku ya Kwanza ya Kurusha, Usialike Mtu

Jumatatu kijana mmoja wa Eldoret aliniandikia. Amemaliza kuunda ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti, mfano wa Piper Cub kwa robo ya ukubwa wa ndege halisi, kazi ya miezi kumi na minne, na Jumapili anairusha mara ya kwanza mbele ya wazazi, majirani na mchungaji. Alichotaka kwangu ni ushauri wa propela tu.

Propela iko kwenye kijitabu cha injini. Mdogo wangu, hao watu waambie wasije.

Yangu ya kwanza ilikuwa Cub vilevile: manjano, mstari mweusi ubavuni, mabawa karibu mita 2.7 ncha hadi ncha, kilo nane na nusu, injini ya petroli. Nikaalika wakwe. Baba mkwe alikuja Kajiado na kiti chake cha plastiki. Injini ilikataa kuwaka karibu saa nzima, naye kila dakika tano: "Baba Neema, inaruka leo au turudi kesho?" Ilipowaka nilikuwa nimelowa jasho. Nikatikisa vijiti vya rimoti, nikaona aileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyolaza ndege kulia au kushoto, zinacheza, nikaridhika. Sikutazama zinacheza upande gani.

Ikapaa vizuri, wakapiga makofi. Upepo ukainua bawa la kushoto kidogo. Nikasukuma kijiti kushoto kuirudisha. Ikazidi kulala kulia. Nikasukuma zaidi. Fikiria mtu anayezama akijivuta chini kwa mikono yake mwenyewe. Bawa la kulia likagusa nyasi, nikasikia mbao za balsa zikivunjika kama njugu.

Kimya. Halafu baba mkwe: "Hii ndiyo ile ya pesa za mabati?"

Ni miaka sita sasa, na bado nyumbani kwao wananiita Rubani.

Kwa hiyo nisikilize. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia: aileroni ya kulia lazima ipande. Kisha tafuta mtu mwingine atazame tena, kwa sababu macho yako yamechoka na yanataka kuruka. Mizani usikisie. Cub ina pua fupi, mkia huwa mzito. Yangu ilidai madini ya risasi zaidi ya nusu kilo puani. Tangi likiwa tupu, inyanyue kwa vidole pale mchoro ulipoweka alama, pua iiname kidogo. Pima rimoti kwa nguvu iliyopunguzwa, ukiwa hatua thelathini kutoka kwenye ndege, injini ikinguruma. Hakikisha mawimbi ya rimoti yakikatika injini inapunguza mwendo yenyewe.

Na Eldoret mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini inapungua nguvu, kabureta, ile inayochanganya hewa na mafuta, ikirekebishwa Mombasa itabugia mafuta huko. Ndege itataka mbio ndefu zaidi ardhini. Usiivute pua kwa nguvu, iache ijinyanyue. Ikishafika juu, punguza mwendo ukiwa bado na nafasi, ujue ni kwa mwendo gani mabawa yanaanza kushindwa kuibeba kabla ya kuja kutua. Nimeshasema wafukuze watu? Wafukuze.

Jumamosi iliyopita nilirusha ya pili, mimi na mpwa wangu peke yetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bendera ya kitambaa imelala. Dakika saba. Ikatua kwa magurudumu mawili, mkia ukafuata taratibu kama mama anayekaa mkekani. Mpwa alirekodi yote.

Video nilimtumia baba mkwe siku hiyohiyo. Tiki mbili za buluu. Hajajibu.