Shuka Wakati Farasi Angali Anataka Kuendelea

Wadogo zangu wa bandani, nimenyamaza vya kutosha. Juzi nimeona tena kile kile: farasi wa miaka 3 na miezi kadhaa anazungushwa kwenye kamba, duara dogo, upande mmoja, dakika 40 bila kubadilisha. Aliyeshika kamba akatoka uwanjani anatabasamu, ati "leo nimemtoa upepo." Upepo umemtoa, sibishi. Atavuta mwingine. Viungo vya miguu hana vya akiba.

Na mkiulizwa, jibu mnalo mdomoni tayari: samaki mkunje angali mbichi. Haya. Kwa upande wa adabu nakubali mia kwa mia. Kuongozwa kwa kamba, kuinua kwato, kusimama akifungwa, kutomkanyaga mtu: hayo mwanzishieni hata kabla hajaacha kunyonya. Lakini mnachokikunja nyinyi pale kwenye duara si adabu, ni mifupa, na mifupa yenyewe haijamaliza kukua.

1. Ujue umri wake, na usiukisie kwa macho

Farasi hukomaa kutoka chini kwenda juu. Zile gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa hufunga kwanza karibu na kwato, ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo. Juu ya goti la mbele hufunga kwenye miaka 2 hadi 2 na nusu. Pingili za mgongo, hapo hapo unapomtupia tandiko, ndizo za mwisho: miaka 5 na nusu, hata 6, na dume mrefu mwenye shingo ndefu huchelewa zaidi. Kwa hiyo yule wa miaka 3 mwenye kifua kipana na manyoya yanayong'aa, ambaye kila mgeni anamwambia "huyu yuko tayari", ni mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Sisemi asipandwe hadi atimize miaka 6. Mfupa usiopewa kazi nao hubaki dhaifu, na mtoto wa farasi aliyefungiwa bandani kutwa hupata mifupa duni kuliko mwenzake anayeranda malishoni. Apewe kazi, ila iwe fupi, iwe ya namna nyingi, na iwe na siku za kupumzika katikati. Pale Vienna, kwenye ile Shule ya Kihispania ya Upandaji, madume yao wa Lipizzan huanza kufundishwa wakiwa na miaka 4 hivi, na kazi kubwa ya mwaka wa kwanza ni kwenda mbele tu: mistari iliyonyooka, kutembea, matiti (ule mwendo wa kukimbia polepole), shoti (mwendo wa kasi kuliko matiti), basi. Hao ndio wale wale mnaowaona baadaye wakiruka hewani kwa miguu yote minne. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, nalo haliruhusu farasi kuingia Grand Prix, ngazi ya juu kabisa ya dresaji (mashindano ya miondoko ya farasi), kabla ya miaka 8. Sasa wewe, mwenye wa miaka 4, una haraka ya kwenda wapi?

Ukiona matako yamepanda juu kuliko mabega, yuko katikati ya kurefuka. Mpe wiki chache za kutembezwa tu, mwili wa mbele uufikie wa nyuma.

2. Pumzi yake itakudanganya

Hapa ndipo karibu wote mnapoangukia, na mimi nilianguka kwa kishindo, kwa hiyo vumilieni maelezo marefu.

Moyo na mapafu ya farasi huzoea kazi ndani ya wiki chache. Misuli inafuata. Kano na mifupa huhitaji miezi. Tena mfupa una jambo lake la ajabu: ukiupa kazi mpya, huanza kwa kujibomoa kidogo kabla ya kujijenga upya, kwa hivyo kuna kipindi katika miezi ya mwanzo ambapo ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Kipindi hicho ndicho farasi anapoacha kutweta, anapoitika vizuri, na mpandaji anaanza kujiona fundi.

Nilikuwa na dume mwekundu wa miaka 4, amehasiwa, mpole, hajui kukataa. Naomba mlizingatie hilo la kutokataa. Farasi mkaidi hukulinda na ujinga wako. Akichoka atakutupa chini, mtaachana, kila mtu aende zake. Huyu ukimwomba kimoja anakupa viwili. Kulikuwa na mashindano ya farasi wachanga mbele yetu, na kasoro yake ilikuwa moja tu: kushindwa kuingia shoti mguu wa kushoto ukitangulia. Upande wa kulia aliingia kama maji. Wa kushoto alijikunja, akapapatika, akaanza na mguu usio wake.

Basi dawa niliyoiona mimi ni kushoto, kushoto, kushoto. Duara la kushoto, nikilipunguza kila siku, kwa sababu kwenye duara dogo alipatia mara nyingi zaidi. Alipopatia nilimpigapiga shingoni, nikasema "mara moja tena, tuhakikishe." Akikosea, "mara moja tena, tusimalizie kwa kosa." Mnaona mtego? Apatie, akosee, jibu ni hilo hilo. Pumzi yake ilikuwa safi, jasho kidogo tu chini ya mkanda wa tandiko, masikio mbele. Nikasema huyu hajachoka.

Saisi wetu alikuwa mzee aliyelea farasi tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi moja, akimsugua miguu, akaniita. "Kijana wangu, huu mguu wa kushoto wa mbele una moto." Nikaugusa haraka haraka, huku nikiangalia saa. Nikamwambia, "Amelala vibaya, Mzee, akianza kutembea utapoa." Akanitazama, akachukua ndoo ya maji baridi, akaondoka. Siku chache mbele akanirudia kwa maneno yale yale, akaongeza, "Mwanangu, mimi nasema tu." Nikamshukuru kwa adabu zote na nikamtandika farasi.

Ulipoisha mwendo huo wa kujidanganya, tulikuwa kwenye duara lile lile. Akafupisha hatua kwenye kona. Kidogo mno, mtu wa pembeni asingeona. Mimi niliisikia kiunoni, nikaitafsiri kuwa uvivu, nikamgusa na fimbo. Na yeye, kwa kuwa hajui kukataa, akaingia shoti. Kwa mguu wa kushoto. Safi kabisa. Nikafurahi.

Alipopunguza mwendo kurudi kwenye matiti tu, kichwa kikaanza kupanda kila alipokanyaga mguu ule.

Daktari wa mifugo hakuhitaji mashine kujua, ingawa picha alipiga. Aliinua mguu, akaukunja, akapitisha kidole gumba taratibu upande wa ndani, chini ya goti, pale kijifupa chembamba kinapolala ubavuni mwa mfupa wa muundi. Alipofika mahali fulani farasi akanyakua mguu. Palikuwa na uvimbe mgumu, mdogo, ambao mimi niliyekuwa nikijiita mwalimu wake sikuwahi kuugusa. Kwa farasi mchanga vile vijifupa vimeshikiliwa na nyuzi zisizokomaa. Uzito na kujipinda kwenye duara dogo huzivuta hadi zikavimba, na mwili hujibu kwa kumwaga mfupa mpya hapo. Akaniuliza, "Amekuwa akizungushwa sana kushoto?" Nikasema wastani. Yaani hata pale nilidanganya.

Mguu ulipona. Uvimbe ulibaki, haumsumbui. Kilichochelewa kupona ni kingine: kwa muda mrefu kila aliposikia buckle ya mkanda ikilia, aligeukia ukutani akanipa matako. Hakupiga teke wala kung'ata. Alinipa mgongo tu, farasi aliyekuwa akinipokea mlangoni. Mashindano hatukwenda, bila shaka, na nawahakikishia hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza tulikuwa wapi.

Mzee saisi hakuniambia "nilikwambia". Adhabu yake ilikuwa kunikabidhi brashi kila asubuhi, na kuninyang'anya glavu.

3. Ratiba, kwa ufupi

Mnaiomba kila siku, haya ichukueni, ila ni dira, si sheria. Miaka 3: dakika 15 hadi 20 mgongoni, kutembea kumo humo, siku tatu kwa wiki, na akishajua kubeba mtu, kugeuka na kusimama, mrudishe malishoni miezi kadhaa akue. Miaka 4: nusu saa, siku nne. Miaka 5: dakika 40 hivi, siku tano, na hapo ndipo uanze kumwomba jambo la maana. Kamba ya kuzungushia: duara lisipungue kipenyo cha mita 20, dakika 10 zinatosha, na ugawe pande mbili sawa.

Usiogope siku za kupumzika kwamba atasahau. Farasi wanaofundishwa kwa kuachiwa siku katikati huelewa jambo kwa masomo machache kuliko wanaofundishwa kila siku. Siku hizo mtembeze kilimani kwa kamba, mpitishe juu ya magogo yaliyolazwa chini, au aende ubavuni mwa farasi mzee asiyeshtuka ovyo. Hiyo nayo ni kazi, hata kama hakuna wa kuipiga picha.

4. Uzito

Kwa farasi mzima, kipimo kinachotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wake, mpandaji pamoja na matandiko. Farasi wa kilo 450 abebe kilo 90. Kwa mchanga mimi nashuka hadi 15, yaani kilo 67 hivi. Nikivaa buti na kubeba tandiko, mimi mwenyewe sipo kwenye orodha hiyo, na ndiyo maana siku hizi mnaniona nimeshika kamba huku nikitoa amri. Si uvivu. Ni hesabu.

5. Meno

Kati ya miaka 2 na nusu na 5 anang'oa meno 24 ya utotoni na kuotesha mapya. Akitupa kichwa, akitafuna lijamu, akiegemea upande mmoja, fungua mdomo wake kabla hujafungua wako kumtukana. Nimewahi kuona wanaume watatu wakijadili "tabia" ya farasi kwa muda mrefu, wakapendekeza lijamu kali zaidi, kumbe kuna jino linaning'inia kwa uzi. Lilidondoka lenyewe kwenye ndoo ya maji, na tabia ikadondoka nalo.

6. Tandiko

Lililomkaa vizuri mwanzo wa msimu halimkai tena mwishoni. Mpime upya kila baada ya miezi michache.

7. Mapigo ya moyo

Akitulia ni 28 hadi 44 kwa dakika; kama dakika 10 baada ya kazi bado yako juu ya 60, umepitiliza au hali ya hewa ni kali, na vyovyote vile kesho ni mapumziko.

8. "Mara moja tena"

Lifuteni neno hilo. Farasi haelewi sifa zako ndefu; anaelewa ni wakati gani umemwachia. Ukimwachia alipopatia, amejifunza. Ukimrudishia swali lile lile mara saba, anajifunza kwamba jibu lake halikuwa sahihi, anaanza kutafuta jingine, nawe unamwita msumbufu.

Kuna binti mmoja hapa, nimemsema sana kwa kuchelewa, lakini hili alinifunza yeye. Alikuwa anamfundisha jike wa miaka 4 kupisha mguu, kwenda kando. Dakika ya nane hivi jike akavusha hatua moja, moja tu, iliyo sawa. Binti akashuka papo hapo katikati ya uwanja, akalegeza mkanda, akapandisha vikuku vya kukanyagia, akamwongoza kwenda bandani. Wenzake wakacheka: umekuja kupanda au kusalimia? Jike alipotandikwa tena, alimpa hatua ile kabla binti hajamaliza kuiomba, akafuatisha nyingine tatu bila kusukumwa. Wale waliocheka walikuwa bado wanazunguka.

9. Kipimo ni kesho yake asubuhi

Kazi ya leo haipimwi leo. Kabla ya kumtandika, inama, vua glavu, pitisha mkono mtupu miguu yote minne, kutoka goti hadi kwato, ndani na nje, ukilinganisha mmoja na mwenzake. Bonyeza mgongo kwa vidole pande zote mbili za uti. Mtoe atembee kwenye sakafu ngumu usikilize kwato: hatua nne zinazolingana. Ukikuta joto, au anabonyea mgongo chini ya vidole, au hatua moja inagonga tofauti, tandiko lirudi linakotundikwa na daktari aitwe. Na mwenye farasi akija juu, akiuliza kwa nini hajapandwa wakati yeye analipa, usibishane naye. Mlete kwangu.