Jibu: Salamu za kumkaribisha Makamu Mkuu wa Chuo mpya

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama salamu za wanafunzi za kumkaribisha kiongozi mpya wa chuo kikuu cha umma zielekezwe kwa Mkuu wa Chuo au kwa Makamu wake. Akiwa aliyeteuliwa ni Makamu Mkuu wa Chuo, salamu ni zake, kwa kuwa yeye ndiye mtendaji mkuu anayesimamia taaluma, fedha na utumishi kila siku, ilhali Mkuu wa Chuo hutunuku shahada katika mahafali na kubaki mlezi wa taasisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo, lakini uendeshaji ulikuwa mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Profesa Matthew Luhanga naye, aliyeshika nafasi hiyo kuanzia 1991 hadi 2006, alisimamia mageuzi makubwa ambayo, kwa maoni yangu, hayajapewa heshima yanayostahili.

Mshukuruni pia anayeondoka. Kisha elezeni jambo moja tu mnaloliona la haraka, malazi kwa mfano, na madai mengine serikali ya wanafunzi iyawasilishe katika kikao rasmi.